KUPAKA TUNDA LISIOZE: NI KUHIFADHI NEEMA AU NI KUGHUSHI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Himdi zote ni za Allah, aliyetuoteshea matunda ya kila rangi na kila ladha. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu, leo naanza kwa kukiri kosa. Soma taratibu mpaka mwisho, kwa sababu kosa hili huenda na wewe unalo.

Wiki chache zilizopita niliweka hapa video fupi. Ndani yake mtu anakwangua tunda kwa kisu, unatoka ungaunga mweupe, na sauti inasema kuwa siku hizi matunda yanapakwa plastiki na sumu. Sikujua imerekodiwa wapi. Sikumjua anayesema. Nikaandika juu yake maneno matatu ya kuwatahadharisha Waislamu, nikaituma, nikaenda kuswali Isha. Video ile ilisambaa kuliko darsa zangu zote za mwezi ule.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, kijana mmoja wa darsa letu alinisubiri nje ya msikiti. Yeye ni muuza nyanya. Anazitoa Ilula, kule Iringa, anazileta Dar es Salaam kwenye matenga. Mkononi alikuwa na ndoo ndogo yenye maji mazito kidogo, yamepauka kama chai ya rangi iliyozidishiwa maji.

Akaniambia, "Sheikh, nyanya zangu nazichovya humu. Wateja wameona video kwako, wanasema nauza plastiki. Jana nimemwaga matenga mawili."

Kisha akachota kikombe, akasema Bismillah, akanywa mbele yangu. "Ni gundi ya mgunga hii, Sheikh. Kuna ubaya gani?"

Wallahi sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewatahadharisha maelfu ya watu na kitu nisichokijua, na aliyelipa ni mtu ninayeswali naye safu moja.

Basi nikaenda kuuliza. Nimeuliza mabwana shamba, nimesoma, nimerudi kwenye vitabu vya fiqhi. Haya ndiyo niliyoyapata, na haya ndiyo maoni yangu.

KWANZA: TUNDA LINAPUMUA

Wengi wetu tunadhani tunda likishachumwa limekufa. Sivyo. Nyanya iliyo kwenye kapu lako jikoni bado iko hai. Inavuta oksijeni, inatoa hewa ya kaboni, na inapoteza maji kupitia ngozi yake. Matunda mengi pia hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huyaharakisha kuiva. Ndiyo maana ukifungia ndizi mbichi pamoja na moja iliyoiva, zote zinaiva haraka.

Kadiri tunda linavyopumua kwa kasi, ndivyo linavyozeeka kwa kasi. Linanyauka, linalainika, kisha ukungu unaingia.

Sasa, utando wa kupaka ni nini? Ni ngozi ya pili, nyembamba sana, inayotengenezwa na kitu kinacholiwa. Unalichovya tunda au unalipaka, linakauka, utando unabaki juu yake. Maji yanatoka polepole, na hewa inaingia na kutoka kwa kiasi. Tunda halifi wala haligandi, linapunguza tu mwendo.

Na hili si jambo geni kwa matunda yenyewe. Umewahi kuona ule weupe kama vumbi juu ya zabibu mbichi? Ile ni nta yake ya asili. Tofaa lina nta yake, chungwa lina nta yake. Hata tofaa ambalo hakuna mkono wa mtu uliolipaka kitu, ukilikwangua kwa kisu litatoa ungaunga. Kwa hiyo ungaunga ule wa kwenye video, peke yake, hauthibitishi chochote.

Ndugu zangu mlioko Uingereza, Marekani, Oman na kwingineko, jueni kwamba machungwa na matofaa mengi yanayong'aa madukani kwenu yameoshwa kiwandani, nta yake ya asili ikapungua, yakapakwa nyingine badala yake. Mmekuwa mkiyala miaka yote hiyo.

PILI: SI JAMBO LA JANA

Wachina walikuwa wakipaka machungwa na malimau nta tangu karne ya 12, ili yafike mbali bila kukauka. Wazee wetu huku walichanganya maharage na majivu ili wadudu wasiyale. Hakuna aliyesema wanabadilisha maumbile ya Allah.

Na tukirudi kwenye Qur'an, tazama kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Mfalme aliota, na Yusuf akaitafsiri ndoto ile kuwa inakuja miaka saba ya mavuno kisha saba ya dhiki. Lakini hakuishia kwenye tafsiri. Katika Surat Yusuf, aya ya 47, aliwaelekeza namna ya kuhifadhi: wakivuna, nafaka waiache ndani ya mashuke yake, isipokuwa kile kidogo watakachokula.

Zingatia hapo. Hakusema tu "wekeni akiba". Alionesha na njia, nafaka ibaki ndani ya ganda ambalo Allah ameiumbia. Nabii wa Allah anafundisha hifadhi ya chakula! Basi mwenye kukiongezea chakula ganda jingine jembamba, la halali, ili kisiharibike, yuko kwenye njia hiyohiyo.

Sasa tazama sisi tunavyofanya. Mwaka 2011 shirika la FAO lilikadiria kwamba karibu thuluthi moja ya chakula chote kinachozalishwa duniani kwa ajili ya binadamu kinapotea au kutupwa. Thuluthi! Na matunda na mboga ndizo zinazoongoza, kwa kuwa ni laini na zina maji. Pita soko lolote kubwa jioni uangalie lile jaa. Kila nyanya iliyopo pale kuna mtu aliipalilia, akainywesha maji, akaibeba zaidi ya kilomita 400.

Allah ametuamrisha katika Surat al-A'raf, aya ya 31, tule na tunywe bila ya israfu. Na Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba tonge likianguka tuliokote, tulisafishe, tulile, tusimwachie shetani. Hilo ni tonge moja. Tutasema nini juu ya lori zima?

TATU: HALALI YA KILICHOPAKWA

Msingi katika fiqhi unajulikana: asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kuharamisha. Kwa hiyo hatuharamishi kwa kuwa kitu ni kigeni. Tunauliza: kimetoka wapi, na kina madhara? Tuvipitie vile vinavyotumika zaidi.

1. Gundi ya mgunga. Ni utomvu wa mti, unatoka sana Sudan, na hata kaskazini ya Kenya ndugu zetu wanauvuna. Imo ndani ya soda na peremende nyingi kwa namba E414, umekwishainywa bila kujua. Watafiti wa Malaysia walichovya nyanya ndani ya maji yenye gundi hii kwa kiasi cha asilimia 10, yaani kama gramu 100 kwa lita, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 yanaonesha nyanya zile zilidumu siku 20 kwenye nyuzi joto 20 bila kuharibika. Hii ni halali bila shaka.

2. Ute wa mshubiri, au alovera. Watafiti wa Hispania waliupaka kwenye zabibu na kuziweka kwenye baridi ya nyuzi 1. Zisizopakwa ziliharibika ndani ya wiki moja hivi, zilizopakwa zikafika siku 35. Ni halali, lakini angalizo: tumia ule ute mweupe wa ndani tu. Yale maji ya njano yaliyo chini ya ngozi ya jani ndiyo yenye uchungu wa shubiri tunaoujua, na yanaharisha.

3. Nta ya nyuki, E901, na nta ya mti wa Brazil uitwao karnauba, E903. Halali zote mbili. Nyuki ametajwa kwa heshima mpaka sura ikapewa jina lake.

4. Shelaki, E904. Hii inatokana na mdudu mdogo wa India na Thailand ambaye anatoa utomvu juu ya matawi. Hapa wanazuoni wamekhitilafiana. Wapo wanaoiruhusu kwa kuwa ni kitu kinachotoka kwa mdudu na si mwili wake, mfano wa asali na nta kwa nyuki. Wapo wanaojiepusha nayo. Mimi naelemea kwenye kauli ya kuruhusu, lakini anayejiepusha simlaumu.

5. Kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa wa baharini. Ya kamba kwetu sisi Mashafi haina tatizo. Kuhusu kaa khitilafu ipo na inajulikana, basi muulize sheikh wako.

6. Jelatini, na namba E471. HAPA SIMAMA UULIZE. Jelatini inaweza kutoka kwa nguruwe, au kwa mnyama asiyechinjwa kisheria. Namba E471 ni mafuta, yanaweza kuwa ya mimea au ya mnyama. Usiharamishe kwa dhana, na usile kwa uzembe. Uliza, au tafuta alama ya halali.

Unaona, ndugu yangu? Swali lilikuwa na majibu sita tofauti. Mimi nilitoa jibu moja kwa maneno matatu, kwa ajili ya video ya mtu nisiyemjua.

NNE: HAPA NDIPO MPAKA ULIPO

Sasa nakuja kwenye kiini, na hapa naomba wafanyabiashara wanisikilize zaidi.

Unajua kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, kilichopokewa na Abu Hurayra (R.A.) na kuthibiti katika Sahih Muslim. Alipita kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye chakula ni nini hiki. Yule mtu akajitetea kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuweka kile kilicholowa juu ili watu wakione. Kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake.

Tafakari vizuri. Mvua haikuwa kosa la yule mtu. Chakula kulowa si dhambi. Dhambi ilikuwa kuweka kikavu juu ya kilicholowa, ili jicho la mnunuzi lione kisichokuwepo.

Sasa turudi kwenye nyanya. Mama anapokwenda sokoni, anasoma nyanya kwa macho na vidole. Ikiwa imesinyaa, anajua ina siku nyingi. Ikiwa imekaza na inang'aa, anajua imechumwa karibuni. Ngozi ya nyanya ndiyo inayomwambia umri wake. Ukiipaka utando, ngozi ile umeinyamazisha. Nyanya ya siku kumi na mbili inaonekana ya siku tatu. Je, umetenda dhambi? Hapana, bado. Lakini kuanzia hapo, yale ambayo ngozi ilikuwa inayasema, UNATAKIWA UYASEME WEWE KWA MDOMO WAKO.

Hayo ndiyo maoni yangu na nayasimamia: kupaka ni halali, na kunyamaza baada ya kupaka ndiko kunakoingiza haramu. Mwambie mnunuzi: "Mama, hizi nimezipaka gundi ya mgunga, zimechumwa Jumatatu, zitakukalia wiki nzima." Maneno hayo hayafiki hata nusu dakika. Akitaka atanunua, asipotaka ataacha. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wauzaji na wanunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao inatiwa baraka, na wakificha na kusema uongo, baraka inafutwa.

Kuna wanaosema, "Sheikh, nikimwambia hatanunua." Basi hiyo ndiyo dalili kwamba unajua unamficha kitu. Mbona unapouza embe tamu humfichi kuwa ni tamu?

Na wapo wengine wanapaka kwa nia mbaya tangu mwanzo. Tunda limeshaanza kuoza kwa ndani, analifuta, analipaka mafuta ling'ae, analiweka juu ya fungu. Huyo hana tofauti na mtu wa lile lundo. Na anayeivisha ndizi au embe kwa kabaidi, dawa ambayo huja na mabaki ya aseniki na fosforasi, huyo ameongeza madhara juu ya udanganyifu. Usinitajie mambo hayo pamoja na gundi ya mgunga eti yote ni "kupaka dawa". Hayafanani.

Kwa hiyo mizani ni maswali matatu:
- Kilichopakwa ni halali?
- Kina madhara?
- Mnunuzi amejua?

Yote matatu yakikaa sawa, basi mwenye kufanya hivyo amehifadhi neema ya Allah, na namtarajia ujira. Moja likipungua, arekebishe kwanza.

TANO: KWA MNAOTAKA KUJARIBU

Wengi mtaniuliza, kwa hiyo nayasema kama nilivyofundishwa. Yule kijana amejifunza kwa binamu yake anayesoma kilimo Morogoro.

Chagua nyanya nzima, isiyo na jeraha, iliyoanza kugeuka rangi na si iliyoiva ikalainika. Utando hautibu tunda lililooza. Ukipaka juu ya uozo, umeufungia ndani tu.

Osha kwa maji safi, acha ikauke. Gundi iwe ya kuliwa, si ya kubandikia karatasi. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, koroga mpaka iyeyuke yote, chuja kwa kitambaa safi. Chovya, toa, anika kivulini kwenye upepo mpaka ikauke kabisa kabla ya kupanga.

Usizidishe unene. Tunda likifungwa likakosa hewa huanza kuchachuka kwa ndani na kutoa harufu ya pombe. Hata katika hifadhi, Uislamu ni wastani.

Na usidhani utando ni badala ya mambo mengine. Tenga lililoshindiliwa mpaka nyanya za chini zikapondeka, hakuna gundi itakayoziokoa. Kivuli, upole wa kubeba na kuuza mapema bado ndiyo mambo ya kwanza. Na kilichokaribia kuharibika kiuze kwa bei ya chini ukiwa muwazi, au kitoe sadaka kingali kinalika. Usimpe maskini kile ambacho wewe mwenyewe ungekitupa.

SITA: DENI LANGU, NA LAKO

Nirudi kwenye video.

Sikuwa wa kwanza kuingia shimo hili. Mwaka 2023 ulienea mitandaoni uvumi juu ya Apeel, kampuni ya Marekani inayotengeneza utando wa matunda kwa mafuta ya mimea. Watu walisambaza karatasi ya tahadhari inayosema inaunguza macho na kudhuru ngozi. Kumbe karatasi ile ilikuwa ya dawa ya usafi ya Uingereza yenye jina hilohilo! Majina yalifanana tu, na dunia nzima ikatishika. Sina maslahi na kampuni hiyo wala sikuambii ununue bidhaa yake. Nakuonesha tu jinsi uongo unavyozaliwa kwa mtu kutosoma mstari mmoja zaidi.

Na Allah alishatuonya katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, kwamba ikitujia habari kutoka kwa asiyeaminika tuichunguze, tusije kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajutia tuliyoyafanya. Aya hii nimeifasiri msikitini mara nyingi. Nilikuwa naifasiri kwa ajili ya wengine.

Unajua toba ya haki za watu ina sharti la ziada. Kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia havitoshi, ni lazima umrudishie mwenye haki haki yake. Kwa hiyo nilimlipa yule kijana thamani ya matenga yake mawili. Alikataa, akasema, "Sheikh, yaishe." Nikamwambia, hii si zawadi, hili ni deni, na sitaki ulichukue Siku ya Kiyama kutoka kwenye swala zangu. Akapokea.

Lakini wateja waliomkimbia siwezi kuwarudisha kwa pesa. Video nimeifuta, na waliokwisha kuipakua siwajui. Ndiyo maana naandika haya hapa hapa, kwenye ukurasa uleule, kwa majina yote mawili: lile lilikuwa kosa, na huu ni ukweli. Ikiwa uliipata kwangu ukaituma kwenye kundi la familia, la mtaa au la kikoba, tafadhali nisaidie kulipa deni. Rudi kwenye kundi lilelile, uwaambie haikuwa sahihi.

Na kesho ukienda sokoni ukakuta nyanya inang'aa, usimtukane muuzaji wala usimkimbie. Muulize kwa adabu: "Ndugu yangu, umepaka nini, na zimechumwa lini?" Akikujibu waziwazi, nunua na umwombee baraka. Akibabaika, nenda kwa mwingine.

Nawe muuzaji, usisubiri kuulizwa.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika matunda yetu na masoko yetu. Utulinde na israfu, utulinde na ughushi, na utulinde na ndimi zetu na vidole vyetu vinavyotuma kabla ya kujua. Utusamehe tuliyoyasema kwa ujinga, na uwalipe wale tuliowadhulumu bila ya kukusudia. Aamin.

Nikiwa nimepatia katika haya, ni kwa tawfiki ya Allah. Nikiwa nimekosea, ni kutoka kwangu na shetani, na mlango wa kunisahihisha uko wazi.

Wallahu a'lam.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.